Meli Iliyoinamia Kushoto

Habari hii ilisimuliwa kwanza na Clotilda Nkeshimana, Jumapili ya tarehe 17 Agosti 1986, nyumbani kwa mdogo wake Pancras, kijijini Mbuba, wilaya ya Ngara. Hadi siku hiyo wote walioijua walikuwa wameinyamazia kwa miaka saba. Rozalia, mke wa Pancras, alikuwa ameketi karibu akisikiliza, na alimsahihisha wifi yake mara mbili tu, zote mbili kuhusu tarehe.

Pancras alikuwa seremala. Mwezi Aprili 1979 Mwenyekiti wa kijiji, Bulugu, alirudi kutoka wilayani na agizo kwamba kila kijiji cha ujamaa kipeleke kazi ya mikono kwenye maonyesho ya Saba Saba. Vijiji vingine vilikuwa vimekwisha kuandikisha mikeka na vinu. Bulugu alikuwa mtu wa upande wa ziwa. Alitaka meli.

"Ya kuchezea?" Pancras aliuliza.

"Kuchezea kwa nini? Meli. Ndogo, lakini iende yenyewe majini bila mtu kuisukuma. Tukipeleka mkeka nitachekwa, fundi."

"Mimi sijawahi kuona meli, Ndugu Mwenyekiti."

"Na malaika umewahi kumwona? Mbona ulimchonga pale kigangoni?"

Bulugu alimpa picha ya meli iliyokatwa kwenye kalenda, mota mbili ndogo zilizotolewa kwenye redio kaseti mbovu kwa fundi mmoja wa Rusumo, na betri nne zilizofungwa kwenye karatasi kama dawa. Tangu vita vya mpakani vianze betri zilikuwa adimu kuliko sukari.

Mbao kavu nazo hazikupatikana, kwa sababu magari yaliyozileta yalikuwa yamekwenda vitani. Mti mbichi hujikunja ukikauka, na meli iliyojikunja huingiza maji. Hapo ndipo Pancras alipokumbuka muvure wa baba yake.

Muvure ni gogo kubwa lililochongwa tumbo. Ndani yake ndizi mbivu hukanyagwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji ya kutengenezea pombe. Umbo lake halina tofauti kubwa na mtumbwi. Muvure wa mzee Ndikumana ulikuwa umebaki Kirushya, kwenye boma la zamani, tangu Operesheni Vijiji. Mzee alifariki mwishoni mwa Julai 1974. Kwa desturi ya ukoo wao, mwenye nyumba akifa muvure wake hufunikwa kifudifudi, na haugeuzwi mpaka siku ya kuondoa msiba, ambapo ndizi hukanyagwa humo na ukoo wote hunywa. Kuugeuza ukiwa mtupu ni sawa na kumwita marehemu nyumbani kisha kumwacha amesimama mlangoni. Lakini mwezi Septemba malori yalifika kabla ndizi hazijaiva, watu wakapandishwa na vyombo vyao, na msiba ukabaki haujaondolewa.

Pancras alikwenda Kirushya peke yake, Alhamisi, tarehe 10 Mei. Alikuta nyasi zimefika kiunoni na kuta zimeanguka. Muvure ulikuwa palepale chini ya migomba, kifudifudi. Aliupindua kwa mti.

Chini yake udongo ulikuwa umefagiwa.

Hapakuwa na mchwa, wala konokono, wala utando wa buibui. Palikuwa na mistari ya ufagio, mipya, iliyopangwa vizuri kama mama mwenye nyumba anavyofagia anapongoja wageni. Pancras aliinama akagusa. Palikuwa na vuguvugu, kama kitandani mahali mtu alipotoka kuamka. Alijiambia kuwa jua hupenya kwenye mti. Akakata kipande cha mita moja na robo, akakifunga nyuma ya baiskeli, akaondoka. Katika mteremko mrefu wa kushuka bondeni, ambapo kila mtu hupanda baiskeli na kuiachia, yeye alishuka akalazimika kuisukuma.

Clotilda alikuwa mjane, dada mkubwa wa Pancras, na aliishi naye. Alikitambua kile kipande kabla hakijafunguliwa kamba.

"Pancras. Huo si muvure wa baba?"

"Ni ubao, dada."

"Umeugeuza?"

"Ningeubebaje bila kuugeuza? Miaka mitano sasa. Serikali ilituhamisha, baba anajua."

"Anajua nani? Ulimwambia wewe?"

Pancras alianza kufungua kamba. Rozalia alitoka jikoni, mkono kiunoni. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na katika nyumba ile watu walikuwa wamejifunza kutozungumza kwa sauti kubwa mbele yake, kana kwamba mtoto angeshtuka akatoka.

Kazi ilianza. Pancras alipunguza kuta kwa tezo, kisha kwa patasi, akipima unene kwa vidole, kulia na kushoto, mpaka zikawa sawa. Alichonga mbele ikawa kali, akaziba nyufa kwa lami na nta ya mishumaa. Spoki mbili za baiskeli alizipitisha ndani ya vipande vya mrija wa antena ya redio vilivyojazwa grisi ili maji yasiingie, na kwenye ncha ya kila spoki akafunga panga dogo la kusukuma maji alilolikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia.

Siku ya nne, saa nane mchana, Clotilda alikuwa akianika mtama uani aliposikia mtu anakanyaga ndizi. Sauti ile kila mtu wa Ngara anaijua: chwa, chwa, chwa, ya miguu mitupu ndani ya ndizi na nyasi, haina haraka. Ikafuata harufu ya ndizi mbivu zilizokwisha kuanza kuchacha. Pancras alikuwa amekwenda kuomba misumari. Karakana ilikuwa tupu. Juu ya benchi palikuwa na ile meli peke yake, haijapakwa rangi, na sauti ilitoka tumboni mwake.

Clotilda alisimama mlangoni. Alisema kwamba hakuogopa wakati ule. Alichohisi ni aibu, kama mtoto aliyesahau kwenda kumlaki mzazi njiani. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Miguu ilisimama, kama mtu anavyosimama akisalimiwa. Kisha kitu kikashusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyefikiwa baada ya kungoja sana.

Tangu siku hiyo Clotilda alipeleka kibuyu cha pombe na mrija karakanani kila mchana, akakiweka kando ya meli. Jioni alikuta kimepungua. Hakumwambia mtu. Alizungumza na kile alichodhani ni baba yake, akamwomba msamaha kwa ajili ya malori, kwa ajili ya ndizi ambazo hazikuiva, kwa miaka mitano ya kufunikwa. Siku moja aliomba jambo jingine.

"Baba, huyu wa sasa azaliwe salama. Akiwa wa kiume ataitwa kwa jina lako. Mahali pako patakuwa pake."

Mota zilikuwa zimekwisha kufungwa, lakini betri zilikuwa bado kwenye karatasi yake. Moja ya mota ilizunguka mara moja, ikasimama.

Meli ilipelekwa majini kwa mara ya kwanza tarehe 5 Juni, kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe nyuma ya shule. Bulugu alikuja na wajumbe wawili. Pancras aliiweka majini taratibu. Iliinama kushoto, kwa nyuma. Akaongeza kokoto upande wa kulia, sita, kisha tisa. Ikakaa sawa. Alipoinuka kufuta mikono, iliinama tena kushoto, zaidi ya mwanzo.

"Fundi," Bulugu alisema, "meli yako imepandwa na mlevi."

Wajumbe walicheka. Pancras alicheka nao, lakini alikuwa akiangalia mahali pale pa nyuma, kushoto, ambapo kuta zilikuwa nyembamba sawasawa na za kulia, na pasipo na kitu. Jinsi maji yalivyopanda na kushuka pale ukingoni, polepole, mtu angesema kuna anayepumua. Aliongeza kokoto hadi ishirini na mbili. Alipowasha mota, meli haikufuata usukani. Aliielekeza ng'ambo, penye mti mkavu. Ikazunguka yenyewe na kurudi mpaka miguuni pa Rozalia, aliyekuwa amekaa ukingoni, ikagota hapo na kuendelea kusukuma udongo kwa pua yake mpaka Pancras alipoinyanyua.

Kesho yake Pancras alikuwa karakanani akitengeneza usukani, na Rozalia amekaa mlangoni akipukuchua maharage. Pancras aliunganisha waya. Mota zikavuma. Rozalia akaacha maharage, akaweka mkono tumboni.

"Zima."

"Nini?"

"Zima kwanza."

Akazima. Rozalia akangoja. "Sasa washa."

Mota zikavuma. Uso wa Rozalia ukabadilika. "Zima, Pancras. Zima!"

"Rozalia, nini?"

"Alikuwa anacheza. Ukiwasha anaacha. Ukizima anacheza." Alinyoosha mkono. "Nipe hizo betri."

Alizifunga zote nne kwenye pindo la kanga yake, akazishika mkononi, akaenda kulala. Saa nane mchana aliamka. Mvumo ulikuwa unatoka karakanani kupitia ukutani, mwembamba, haukatiki, na betri zote nne zilikuwa mkononi mwake zimelowa jasho, na ndani ya tumbo lake hapakuwa na chochote kilichosogea, mpaka jua lilipokuwa limeelekea kabisa magharibi na mvumo ukakoma wenyewe na mtoto akapiga teke moja, dhaifu.

Hapo Clotilda alieleza yote: salamu, kibuyu, jina. Pancras alimsikiliza akiwa ameshika kichwa.

"Lakini ni baba," Clotilda alinong'ona. "Hawezi kumdhuru mjukuu wake. Ni baba tu, amechoka kungoja."

"Wifi," Rozalia alisema, naye kwa sauti ya chini, "baba gani anayemnyamazisha mtoto tumboni?"

Pancras alichukua shoka akaingia karakanani. Alilinyanyua juu ya meli, na nyuma yake Rozalia akaanguka chini huku ameshika tumbo. Aliliweka shoka chini, maumivu yakaacha. Hakujaribu tena.

Siku zilizofuata ule ukimya wa mtoto ulirefuka. Kwanza ulikuwa wa mchana. Kisha ukaanza asubuhi, na miguu ndani ya meli nayo ikaanza asubuhi. Kufikia katikati ya Juni mtoto alikuwa akisogea mara moja kwa siku, na Rozalia alikaa akimngoja, amefumba macho, hali wala hasemi. Clotilda ndiye aliyekwenda Biharamulo kumtafuta Nyirabahizi.

Nyirabahizi alikuwa mwanamke mzee wa asili ya Rwanda, mkunga, ambaye watu walimfuata pia kwa mambo wasiyoyataja hospitalini. Alifika tarehe 22 Juni, akasalimiwa, akaitikia, akaomba ndizi za kuchemsha. Alizila akiwa ameketi karakanani, mbele ya meli, huku sauti ya kukanyaga ikiendelea.

"Baba yenu alikufa na nini?" aliuliza akitafuna.

"Kifua, bibi," Pancras alijibu.

"Alikuwa mzima wa mwili?"

"Mguu wa kulia ulikauka tangu utoto. Alitembelea fimbo."

"Ndizi zake alikanyaga nani?"

"Sisi. Yeye alikaa ukingoni, akituhimiza."

Nyirabahizi aliweka sahani chini. "Basi nyamazeni muhesabu miguu."

Walihesabu. Chwa, chwa. Chwa, chwa. Ilikuwa miwili, yenye uzito sawa, yenye afya. Walikuwa wameisikia siku nyingi, wote wawili, watoto waliokua wakimshika mzee yule mkono kwenye kila mteremko. Clotilda alifunika mdomo kwa kanga.

"Basi ni nani?" Pancras aliuliza.

"Nitajuaje? Ni jini. Lilikuta nyumba imefunikwa, haina mwenyewe, likaingia. Lingeweza kukaa humo mpaka mti uoze bila kumgusa mtu, maana halina ukoo na halina mlango wa kuingilia kwa watu. Nani alilisalimu?"

Clotilda aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Nani alilipa jina?"

Hakuushusha.

"Umeliita baba, umelipa jina, umelionyesha na kitanda cha kulalia." Nyirabahizi alitazama upande wa Rozalia. "Linataka kuzaliwa. Yule aliyemo inabidi apishe."

Hakutumia ubani wala kuku. Alisema kesho saa sita mchana meli iwekwe majini, na watoto wawili wa Ndikumana wasimame ukingoni, mmoja baada ya mwingine, walikane. Waseme: wewe si baba yangu, na jina ulilopewa nalichukua. "Mimi siwezi kulifukuza. Mgeni hamfukuzi baba wa watu nyumbani kwake. Ninyi mliomwita ndio mtakaomkana. Na msiongeze neno. Litasema mengi. Limesikiliza kila mlichosema tangu ubao ulipoingia humu."

Jumamosi, tarehe 23 Juni, saa sita, walikuwa lamboni wanne tu. Rozalia alibebwa kwa kitanda; mtoto hakuwa amesogea tangu jana asubuhi. Pancras aliiweka meli majini, haina betri. Ikaenda yenyewe mpaka katikati, imeinama kushoto sana hivi kwamba maji yalikuwa yanalamba ukingo, ikasimama, mapanga yakizunguka papo hapo bila kuipeleka popote.

Pancras alisema maneno yake. Aliyasema yote, bila kuongeza neno.

Zamu ya Clotilda. Alipofungua mdomo, mvumo wa mota ulianza kupanda na kushuka, ukapanda na kushuka kama mtu anayejaribu koo lake baada ya kulala muda mrefu, na ukapungua, ukawa mzito, ukapata mapumziko ya maneno, mpaka ukawa sauti ya mzee Ndikumana yenyewe, na kikohozi chake mwanzoni, ikimwita Kanyana, jina ambalo mzee huyo peke yake alimwita alipokuwa mdogo na hakuna mwingine aliyewahi kulitumia, ikamwambia, Kanyana mwanangu, nimefunikwa miaka mitano, nimekaa gizani nikihesabu ndizi zinavyoiva na kuanguka, huyu mzee wa watu anakudanganya, mguu hupona mtu akifa, Kanyana, kwani hukujua kwamba mguu hupona, usinitupe mara ya pili.

Clotilda aligeuka kumtazama Nyirabahizi. Mzee yule hakutingisha kichwa wala kusema kitu. Akamtazama Rozalia kitandani, midomo imemkauka, mikono yote miwili tumboni, akingoja.

"Wewe si baba yangu," Clotilda alisema. "Na jina ulilopewa nalichukua."

Mota zilinyamaza. Meli iliinuka upande wa kushoto, polepole, ikakaa sawa juu ya maji kwa mara ya kwanza, imenyooka kama ile ya kwenye kalenda. Pancras alisema baadaye kwamba ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizopata kuzifanya. Kisha ikazama. Haikuinama, haikutoa povu. Ilishuka wima kama kitu kinachoshushwa kwa kamba, ingawa ulikuwa mti mkavu, na maji yakafunga juu yake.

Rozalia alipiga kelele. Pancras alimkimbilia, akakuta anacheka na kulia, kanga tumboni inarukaruka.

"Anapiga! Shika hapa. Shika, anapiga!"

Mtoto wa kiume alizaliwa tarehe 4 Julai, akabatizwa Privatus. Jina la Ndikumana halikutolewa tena katika ukoo huo. Bulugu alipeleka mikeka Saba Saba, na hakumsemesha Pancras mpaka Krismasi.

Mwezi Agosti walikwenda Kirushya kuondoa msiba wa mzee. Waliazima muvure, ndizi zikakanyagwa, na kila mtoto wa marehemu akatakiwa kumwaga pombe kidogo chini na kumwita. Pancras aliita. Clotilda alifungua mdomo, akasimama hivyo, na neno "baba" halikutoka. Alijaribu mpaka wazee wakamwambia akae. Halikutoka siku hiyo wala siku nyingine yoyote ya maisha yake. Hata alipokuwa akisimulia mwaka 1986 alisema "mzee Ndikumana" tangu mwanzo hadi mwisho, na watoto waliokuwa wakisikiliza walidhani anamzungumzia jirani.

Siku hiyo ya kusimulia mtu mmoja alimuuliza lile jini lilijuaje jina la Kanyana. Clotilda alisema Nyirabahizi alimjibu swali hilo hilo: bila shaka ulilitaja mwenyewe karakanani, ulipokuwa ukipeleka kibuyu. Akasema amezipitia siku zote katika kumbukumbu yake, moja moja, kuanzia tarehe 10 Mei, kila alichokisema na mahali alipokisemea. Hakumbuki kulitaja. Baada ya hapo aliinuka akaenda kuanua nguo.

Nyirabahizi alifariki Biharamulo mwaka 1983. Bulugu alirudi kwao upande wa ziwa na hakuna habari zake. Pancras alifariki 1997, Clotilda 2004. Kati ya waliokuwa pale lamboni, walio hai hadi sasa ni Rozalia, anayeishi Mbuba na ambaye macho yake yamefifia, na Privatus, ambaye siku ile alikuwa bado hajazaliwa.